Mshubiri wa Zimwi

Nitoe ngano, nisitoe? Toa! Basi msibishe, hii naijua kuliko zimwi lenyewe.

Zimwi lilimwachia Mwanakheri mshubiri uliopandwa koponi. "Bibi wee, mmea huu ukifa, namla mwanao."

Kwa hofu akaumwagilia maji asubuhi, ukalegea. Akaumwagilia adhuhuri, ukainama. Akaumwagilia jioni, ukalala kabisa. Kumbe maji yameozesha mizizi. Hodi! Zimwi hilo mlangoni, linadondosha mate.

Mwanakheri akavunja jani, akampaka mwanawe utomvu mwili mzima, kama mama apakavyo titi akimwachisha mtoto ziwa.

"Haya baba, karibu ule."

Zimwi likaramba mara moja. "Akh! Uchungu gani huu, mama wee!" Likatoka mbio likilia kama kitoto.

Tangu hapo limeachishwa watu, linatafuna mihogo. Anayebisha akaliulize.