Kisima cha Tupokigwe

"Aliyechimba kisima hasubiri kupewa kata."

Mmeisikia methali hiyo asubuhi, shangazi yenu akimwambia mumewe, mkacheka, kisha mkaja kuniuliza imetoka wapi. Kaeni basi. Haikutungwa ili watu wacheke. Ilitoka kinywani mwa mwanamke mwenye hasira, na mambo yalikuwa hivi.

Enzi za Mwingereza, dhahabu ilipoonekana kule Lupa, watu walimiminika kutoka kila upande. Miongoni mwao alikuwa Tupokigwe, Mnyakyusa wa Rungwe, aliyemfuata mumewe mchimbaji. Mwaka haukuisha, shimo likamfukia yule mume. Ndugu wa marehemu wakaja kumchukua mjane ili arithiwe. Akawaambia, "Nimemzika mume wangu, sijajizika mimi." Wakarudi kwao bila yeye.

Lupa ilikuwa na dhahabu nyingi kuliko maji. Kiangazi vijito vilikauka, watu wakawa wanafuata maji mwendo wa nusu siku. Tupokigwe alichukua sururu ya marehemu akaanza kuchimba nyuma ya kibanda chake. Wanaume walikuja kumtazama na kumcheka. Nyapara mmoja akamwonya kwamba mwanamke akishuka shimoni dhahabu hukimbia. "Mimi sitafuti dhahabu," akamjibu, akaendelea kuchimba. Alichimba miezi minne, akizishikiza kuta kwa magogo kama alivyomwona mumewe akifanya. Viganja vilichunika, vikapona, vikachunika tena. Alipofika pima ya tisa, udongo ukalowa.

Mtu mmoja tu hakumcheka. Huyo ni Masesa, fundi chuma wa Kisukuma, aliyekuwa akimnolea sururu. Kila jioni alifunga kiwanda chake akaja kumvutia ndoo za udongo, yeye juu, Tupokigwe chini, wakizungumza kupitia mdomo wa shimo. Alikuwa na maneno ya polepole na mikono myeusi kwa masizi. Tupokigwe, aliyekuwa amesahau kucheka, akajikuta anazisikilizia hatua zake. Walipendana, sitawaficha. Masesa akapeleka ng'ombe sita Rungwe, mjomba wa Tupokigwe akawapokea, ikakubaliwa wafunge ndoa mvua zikianza.

Kisima kilimtunza Tupokigwe. Waliochota walimletea unga, chumvi, kuni, na asiye na kitu alichota hivyo hivyo. Hakuna aliyefukuzwa.

Kabla ya mvua ikaja habari kwamba mama yake mdogo amefariki. Alikwenda Rungwe kumzika, akakaa matanga, akarudi kwa miguu katikati ya jua la Oktoba, midomo imepasuka kwa kiu. Njia nzima aliwaza kitu kimoja: maji ya kisima chake.

Alikuta uzio. Miti mirefu ilizunguka kisima chote, ina mlango wa mbao wenye kufuli. Nje watu walipanga foleni na madebe yao. Mlangoni alisimama mwanamume asiyemfahamu, mkononi ameshika kata ya kuchotea maji.

"Nipishe ninywe," Tupokigwe akasema.

"Panga foleni, mama. Mwenye kisima akija atakupa kata."

"Mwenye kisima ni nani?"

"Fundi Masesa."

Wanawake waliokuwa kwenye foleni walimfahamu. Waliinamisha vichwa. Tupokigwe alisimama pale pale, mzigo bado kichwani, mpaka Masesa alipotokea na ufunguo shingoni.

"Umerudi," Masesa akasema akitabasamu. "Nilitaka ukute nimeshatengeneza kila kitu."

"Nani alikwambia kilikuwa kimeharibika?"

"Tupokigwe, mke wa mtu hakai kwenye mdomo wa kisima akizungukwa na wanaume. Wenzangu watanionaje? Nitakisimamia mimi, wewe upumzike. Kila siku kata ya kwanza itakuwa yako."

"Utanipa."

"Nitakupa, kwa nini nisikupe? Nimetoa ng'ombe sita. Mjomba wako amewapokea."

"Basi kamwoe mjomba."

Mtu mmoja akacheka, akanyamaza upesi. Tupokigwe alitua mzigo chini.

"Wale walionicheka hawakujua kisima hiki kimenigharimu nini," akasema. "Wewe ulikuwa juu, unavuta ndoo. Nilipopanda ulinifunga viganja kwa kitambaa. Ulijua, Masesa. Leo mimi niliyechimba kisima nisubiri wewe unipe kata?"

Masesa alifungua kinywa, lakini Tupokigwe alikuwa ameshaingia kibandani. Alitoka na sururu. Alipiga mlango ule, akapiga tena, mpaka kufuli likaning'inia kwenye kipande cha ubao. Mlinzi alisogea kando. Kisha mwanamke mmoja wa foleni akatua debe lake, akashika mti wa uzio akaung'oa, na mwingine akafuata. Jua halijatua, uzio wote ulikuwa kuni.

Tupokigwe alivuta ndoo, akanywa kwenye ndoo yenyewe, maji yakimwagikia kifuani.

Kesho yake alituma mtu kwa mjomba kwamba ng'ombe warudishwe, wote sita, pamoja na ndama aliyezaliwa. Na msidhani hakulia. Alilia siku nyingi, kwa hasira, kwa sababu bado alimpenda yule mtu, na hilo ndilo lililomuumiza kuliko uzio.

Mwaka uliofuata, kiangazi kilipobana, Masesa alikuja na debe. Alisimama nyuma ya foleni kama wengine, akasogea hatua kwa hatua mpaka akafika mbele.

"Nilikosea," akasema.

"Najua."

Alimjazia debe mpaka juu. Masesa hakuondoka.

"Kesho nije?"

"Foleni inaanza alfajiri," Tupokigwe akasema, akamwita aliyefuata.

Masesa alikuja kesho yake, na kiangazi kile chote. Hawakuoana. Tupokigwe alizeeka pale pale, kisima chake wazi kwa kila mwenye kiu. Na wanawake wa Lupa, kila walipomwona mtu akimgawia mwenzake kitu ambacho huyo mwenzake ndiye aliyekitolea jasho, tena akisubiri ashukuriwe, walimkatiza kwa maneno yale ya Tupokigwe. Yakavuka milima, yakatufikia sisi.

Aliyechimba kisima hasubiri kupewa kata.