Sakafu ya Adhuhuri

Anayekimbia juu ya sakafu hafiki mbali. Hata awe hodari vipi, ukingo unamngoja. Fundi mmoja wa ujenzi, aliyepewa jina la Umeme kwa wepesi wake, aliijua methali hiyo tangu utotoni, ila aliiona kuwa faraja ya wavivu.

Dada yake mkubwa, mshonaji aliyemlea baada ya wazazi kufariki, alimpa kazi ya kumwaga sakafu ya ghorofa ya juu ya nyumba yake. Umeme aliahidi kuimaliza siku hiyo hiyo. Jua la adhuhuri liliwaka kama tanuri. Kokoto zilichoma nyayo, na maji ya pipa lililoanikwa juani hayakushikika. Dada alichovya kidole katika zege, akakitoa upesi.

"Mdogo wangu, hili lina moto kama uji. Si tungengoja alfajiri, kukiwa na ubaridi?"

"Zege halilali, dada," Umeme alijibu akicheka. "Likiwa na joto ndipo linapokaza upesi."

Kweli lilikaza, tena kabla halijasambazwa. Vibarua walipolalamika kwamba masepetu yanakwama, akaamuru waongeze maji. Jioni sakafu ilikuwa ngumu, na majirani wakamvika Umeme kilemba cha ukoka.

Wiki chache baadaye, dada alihamia vyumba vya chini pamoja na wanawe. Jioni moja, jua likizama na hewa ikipoa, alisikia mtu akikimbia juu. Hatua zilianzia katikati, zikapita juu ya chumba cha watoto, zikanyamaza ghafla ukingoni. Alipanda kutazama. Hapakuwa na mtu, wala alama ya unyayo vumbini. Jioni iliyofuata zilirudi, na sasa zilikuwa nyingi.

Akamwita mdogo wake. "Kuna watu wanakimbia juu ya nyumba yangu," alimwambia kwa sauti ya chini. "Watoto nimewapeleka kwa jirani. Panda wewe uliyeijenga."

Umeme alipanda akipiga mluzi. Ghorofa ilikuwa wazi, haijainuliwa hata ukuta mmoja. Alisimama katikati. Kimya. Kisha kitu kikakimbia chini ya nyayo zake, ta, ta, ta, hadi ukingoni. Mluzi ukamkauka mdomoni. Alichuchumaa, akaona nyufa nyembamba kama nywele zimetanda kila upande, na mmoja ukirefuka mbele ya macho yake. Aligusa zege kwa ncha ya nyundo. Likamong'onyoka kama mkate mkavu.

Alishuka mbio. "Dada, toka nje. Acha kila kitu, toka."

Hawajafika barabarani, ukingo ulimeguka, ukaporomokea chumba cha watoto.

Dada hakumkaripia. Alikitazama kifusi mpaka vumbi likatua, kisha akasema taratibu, "Mimi sikuwa na haraka, mdogo wangu."

Maneno hayo yalimchoma Umeme kuliko matusi. Aliivunja sakafu yote kwa mikono yake, akaimwaga upya alfajiri, kwa maji ya kivulini na kokoto zilizopozwa, akaifunika magunia mabichi, akangoja. Ile imetulia hadi leo. Lakini nyumba alizozijenga adhuhuri ni nyingi mjini. Kila jua linapozama, huonekana amesimama nje ya mojawapo, sikio ukutani, uso umesawijika, akisikiliza. Hakika, mbio za sakafuni huishia ukingoni.