Uso Uliokuwa Ndani

Mwanamke mmoja alikuwa na mikono ya mama yake. Mama alifinyanga vyungu kando ya ziwa. Binti, jina lake Tusekile, alitaka kufinyanga nyuso za watu. Akaenda mjini kwa Ambakisye, fundi mkubwa wa sanamu, akampigia magoti amfundishe.

Ambakisye alimpa kalibu, kichwa cha plasta kilichofungwa kitambaa chenye maji. Kazi ilikuwa hivi: unakandika udongo juu ya kalibu, unaukata nusu mbili, unauvua, unauunganisha tena, ndipo unachonga pua na macho ya mtu unayemtaka. Kitambaa kisifunguliwe, udongo usije ukanata. Tusekile hakuuliza kuna nini chini yake. Nani kati yetu huuliza, mambo yakiwa yanamnyookea? Kwa miaka minne alitengeneza vichwa vya maaskofu, vya walimu, vya mabibi harusi. Vilipelekwa kwenye maonyesho, na watu wakasema binti huyu ana kipaji. Walioviweka majumbani walikuwa na neno moja tu: walihisi wanatazamwa hata sanamu ikiwa imewapa kisogo.

Kisha mama akafa. Hakuacha picha hata moja, maana kila alipoombwa apigwe alisema kesho, nitavaa vizuri. Tusekile akarudi nyumbani na kalibu yake, akatengeneza kichwa cha mama, na kovu lake la shavuni, na pengo lake. Akakichoma kwa nyasi na kuni. Majirani walipokiona walilia.

Mama mdogo Subilaga, mfinyanzi naye, hakulia. Alifanya kama wanavyofanya wanawake wa huko kwa chungu chochote wanachotaka kujua kama ni kizima: akakigonga kwa kifundo cha kidole, akatega sikio. Akagonga tena. Akakiweka chini polepole.

"Mwanangu," alisema, "humu ndani mna mwanamume."

Tusekile alikasirika. Akakigonga mwenyewe, kwa nguvu mno, kikapasuka. Ndani mlikuwa na uso wa Ambakisye, umezama kwenye udongo, na mikunjo ya kitambaa imeuzunguka kama sanda. Aliposogea kushoto, uso ukamfuata. Aliposogea kulia, ukamfuata. Akakumbuka vichwa vyote alivyopeleka kwa watu kwa miaka minne, akajua kuwa umo ndani ya kila kimoja. Aliogopa sana.

Aliirudisha kalibu kwa mwenyewe. Lakini bila kalibu hakujua pa kuanzia. Kichwa cha kwanza kilipasuka motoni, cha pili kikaporomoka kabla ya kukauka. Na kila wiki iliyopita, sura ya mama ilikuwa inamponyoka: kwanza nyusi, halafu mdomo. Asubuhi moja alishindwa kukumbuka kovu lilikuwa kwenye shavu gani, na hapo ndipo alipolia kama siku ya msiba.

Akaketi chini, miguu ameinyoosha, kama alivyokuwa akiketi mama. Akakunja udongo pete juu ya pete, mkono mmoja nje na mmoja ndani, akakipandisha kichwa kama mtu anayefinyanga mtungi. Alikuwa akipapasa kutoka ndani kutafuta shavu linapotokeza. Hakikupata kusifiwa na yeyote. Kilitoka motoni kimepinda shingo, na kovu huenda liko upande usio wake. Ndani hamkuwa na kitu ila alama za vidole vya Tusekile.

Mama mdogo alikuja akakigonga mara moja. Alisikiliza kwa muda mrefu, mkono ukiwa bado hewani.

"Abee," akaitika, kama mtu aliyeitwa na dada yake kutoka jikoni.

Nanyi mlioketi hapa, mliofundishwa na wakubwa na mkasifiwa na wengi: siku mtakapogongwa, itatoka sauti ya nani?