Sauti ya Shamimu

Mbacha ni mkeka uliochakaa, na msala ni mkeka mzuri wa kusalia. Wahenga walituonya tusiutupe mkeka wetu mkuukuu kwa kuvutiwa na msala wa mpita njia, kwani akiukunja na kwenda zake tutalala chini. Ibrahimu wa Miyuji aliijua methali hiyo tangu shule ya msingi huko Kondoa, ila hakuwahi kudhani kuwa ilikuwa ikimsema yeye.

Ibrahimu alikuwa ofisa wa serikali mjini Dodoma. Zama za ruksa, bidhaa zilipoanza kumiminika madukani, alinunua redio kaseti kubwa yenye spika mbili pana kama sahani. Miaka ikapita. Ofisi ilipompa laptopu, kompyuta inayokunjwa kama kitabu, redio ile ikamchusha.

"Hii sasa ni ya makumbusho," alisema, akaipeleka kwenye banda la kuku. Mkewe, Mwantum, aliifuata akaifunika kwa gunia.

Katika nyumba hiyo aliishi pia mama yake Ibrahimu, Bi Mwajabu, ambaye masikio yake yalikuwa mazito. Simu hakuisikia kabisa. Mjukuu aliyemlea kwa mikono yake, Shamimu, alikuwa Uhindi akisomea ufamasia. Kila binti huyo alipopiga simu, Ibrahimu alimfikishia mama yake salamu. Mwanzoni bibi alifurahi. Baadaye akawa anatikisa kichwa tu, na ugali wake ukabaki sahanini kama ulivyoletwa.

Siku moja alimshika Mwantum mkono. "Mwanangu, niambie kweli. Shamimu amekufa?"

Mwantum alishtuka kama aliyemwagiwa maji baridi. "Astaghfirullahi, mama! Shamimu ni mzima."

"Sisi wazee hufichwa misiba ili tusianguke. Mnaniletea salamu, mnanionyesha picha. Picha hata ya marehemu hutazamika. Sauti yake iko wapi?"

Mwantum alimsimulia mumewe huku machozi yakimlengalenga. Ibrahimu akampigia binti yao simu, naye akarekodi sauti yake kwenye sidii na kumpa mwanafunzi mwenzake aliyekuwa akirejea nyumbani.

Sidii ilipofika, Ibrahimu aliiweka laptopu mezani kwa madaha, akamkalisha mama yake karibu nayo. Sauti ikatoka, nyembamba kama ya mbu aliyefungiwa ndani ya chupa.

"Ni nani huyo?" bibi aliuliza.

"Ni Shamimu, mama."

"Sisikii mtu. Nasikia mdudu."

Ibrahimu alipandisha sauti hadi mwisho. Vispika vikakwaruza kama kijiko kwenye sufuria. Akaielekeza laptopu ukutani, kisha akaiweka ndani ya beseni. Kelele zikaongezeka, maneno yakapotea. Akamvisha mama yake visikilizio, vikamponyoka masikioni. Bi Mwajabu akaviokota na kuviweka mezani taratibu, akajikongoja kusimama.

"Basi, mwanangu. Umejitahidi kunituliza. Nipeni maji nitawadhe, nimwombee rehema."

Maneno hayo yalimchoma Ibrahimu kama mkuki. Mtoto aliye hai kuombewa rehema ya wafu!

"Baba Shamimu," Mwantum alimwita kwa upole, "redio yetu si ina matundu kwa nyuma? Uliwahi kuiunganisha na deki ya jirani, watu wakasikia mpaka barabarani."

Ibrahimu aliinamisha uso. "Niliitupa kwa kuku."

"Uliiacha tu. Mimi niliifunika."

Wakaenda bandani pamoja. Kuku mtetea alikuwa ameatamia juu ya gunia. Mwantum akamhamisha na mayai yake. Mwantum alipokuwa akiifuta redio vumbi, Ibrahimu alikimbilia soko la Majengo, akarudi na waya wenye ncha moja ya kuchomeka kwenye laptopu na mbili za kuchomeka kwenye redio. Alipozichomeka, redio ilikoroma, ikakohoa, kisha ikatulia. Akapunguza sauti ya laptopu ili isikwaruze, akaifungua ya redio polepole.

"Shikamoo, bibi!"

Sauti ilijaa chumba kizima. Bi Mwajabu akashika ukingo wa meza.

"Baba kaniambia umeuliza kama huku napata mlenda. Sipati, bibi! Naponda bamia, wenzangu wananicheka zinavyovutika." Kikafuata kicheko chenye kupanda na kukatika ghafla kama kwikwi.

"Hilo la mlenda nimeliuliza Ramadhani hii hii," Bi Mwajabu alinong'ona. "Basi yu hai. Mtoto wangu yu hai!" Akaweka kiganja juu ya spika iliyokuwa ikitetemeka, kama anayempapasa mtoto shavu. "Marahaba, mjukuu wangu. Marahaba."

Ibrahimu alipiga magoti kando yake. "Nisamehe, mama. Kumbe dawa yako ilikuwa humu humu nyumbani."

Bi Mwajabu hakuwa na habari naye. "Irudishe mwanzo," alisema, machozi na tabasamu vikigombea uso wake. "Anisalimie tena."

Ibrahimu aliirudisha mwanzo, mara nyingi kadiri mama yake alivyotaka. Usiku huo Bi Mwajabu alikula ugali wake wote na kuomba kuongezewa. Laptopu ilirudi ofisini, lakini redio ilibaki sebuleni, na tangu hapo Ibrahimu hakuhitaji kukumbushwa na mtu: usiache mbachao kwa msala upitao.