Mkono Huenda Ulikozoea

Wapendwa, katika jiji la London, zamani za Malkia Elizabeth wa Kwanza, watu walibeba fedha katika kifuko kilichofungwa kwenye mshipi kwa kamba. Waangalifu walikificha ndani ya joho. Vibaka wa siku hizo walitembea na kisu kidogo chenye makali. Wakikata kamba, kifuko chote kimeondoka. Na mahali walipopenda sana kufanyia kazi hiyo ni penye mahubiri ya hadharani, kwa kuwa hapo watu husimama kimya, wamebanana, macho mbele.

Naona mnacheka. Naona pia baadhi yenu mmepapasa mifuko. Na watu wa London walifanya hivyohivyo, na hapo ndipo ulipokuwa ujanja wa vibaka.

Basi palikuwa na mume na mke, vibaka wote wawili. Mume alikuwa na sauti, mke alikuwa na kisu. Adhabu ya kazi yao ilikuwa kitanzi, na mke alikuwa amechoka kuota kitanzi.

"Leo mwisho," mume alimwambia wakiingia katika umati.

"Ulisema hivyo Pasaka."

"Pasaka nilisema tu. Leo naapa."

"Na wakinikamata?"

"Nikuache wapi, mke wangu? Twende."

Mume akapanda juu ya jiwe, akapaza sauti: "Jamani, kuna wezi humu! Chungeni fedha zenu!" Papo hapo kila mkono ukarukia kifuko chake. Ndugu zangu, nani alikuwa amewauliza fedha ziko wapi? Walionyesha wenyewe. Mke yule alisimama kando, anasoma mikono.

Lakini mkono mmoja ulimshangaza. Alikuwapo mzee, kifuko chake kinaonekana wazi ubavuni. Aliposikia kelele, mkono wake ulikipita kifuko ukaenda kumshika mkewe.

"Niachie, mzee, watu wanatuangalia," bibi alinong'ona.

"Acha waangalie. Hukusikia kuna wezi?"

"Nani aniibe mimi, na mgongo huu?"

"Mwizi hachagui."

Bibi akambana kwa kiwiko, akicheka. Mwenye kisu naye nusura acheke. Kisha akafanya kazi yake, na kifuko kile kilikuwa rahisi kuliko vyote. Kama ilivyokuwa desturi yao, alimpa palepale mumewe, ambaye alikuwa ameshuka jiweni na kumsogelea, asije akakutwa nacho.

Haukupita muda, bibi akaona kamba zinaning'inia bure. "Mzee, kifuko! Mwizi! Mwizi!"

Umati ukageuka. Mke mwenye kisu alimtazama mumewe, aliyekuwa karibu kiasi cha kuguswa, akamnyooshea mkono. Mume alikuwa amekikumbatia kifuko ndani ya joho kwa mikono yote miwili. Akarudi nyuma, akajichanganya na watu, akapotea.

Mwanamke hakukimbia. Walimkamata amesimama vilevile, mkono haujashuka.

"Ana kisu!" askari alisema. "Mzee, si huyu?"

Mzee alizitazama kamba zake. Akamtazama mwanamke, kisha akatazama kule macho ya mwanamke yalikokuwa yameganda. "Mmemkuta na kifuko changu?"

"Hatujakiona."

"Kisu hata mimi ninacho, nakatia mkate. Mwacheni aende."

"Mzee," bibi alisema kwa sauti ya chini, "zile ndizo fedha zetu zote."

"Najua. Lakini mtazame. Huyu ameibiwa kuliko sisi."

Wapendwa, siwaambii kwamba fedha si kitu. Wazee wale walikula kwa shida majira yote ya baridi. Nawauliza jambo jingine. Mume yule, aliposema hatamwacha mkewe, alikuwa anadanganya? Sidhani. Nadhani alisema ukweli kama alivyoujua. Lakini hatari haimngoji mtu afikiri. Mkono huenda ulikozoea kwenda, na wake ulikuwa umezoea kifuko. Mzee naye hakufikiri. Kwa miaka mingi, siku ambazo hakuna aliyepiga kelele, mkono wake ulikuwa umeijua njia moja.

Sisi je? Tunangoja siku kubwa ndipo tuonyeshe tunavyowapenda watu wetu. Tunasema, akiugua nitakuwa karibu. Yakimfika makubwa ataniona. Siku hiyo itakuta mkono umekwisha kuamua. Basi tuuzoeshe sasa kumshika mwenzetu, mezani, tukichagua mchele, tukingoja maji yachemke, mpaka aulize kwa mshangao, "Kuna nini?" nasi tujibu kwamba hakuna kitu.

Na wale kati yetu ambao mkono wao bado huenda, na sasa haukuti mtu kwa kuwa mwenzao ametangulia, wasiulaumu. Ulijifunza vyema.