Picha Isiyofika kwa Gwamaka

Mtu mmoja wa Mbeya mjini, jina lake Ambakisye, alikuwa na ndugu mmoja tu wa tumbo moja. Ndugu huyo, Gwamaka, alianguka kutoka kwenye paa alilokuwa akiliezeka, na tangu siku hiyo akawa mtu wa kitandani nyumbani kwao Rungwe, mikono haishiki, miguu haikanyagi. Kabla ya hapo walizoea kucheza pamoja mpira wa kompyuta, mmoja akichezesha, mwingine akielekeza kwa kelele. Ambakisye hakuweza kumrudishia ndugu yake mikono, basi akaona ampe kilichobaki. Kila jioni alipotoka kazini aliketi mbele ya kompyuta, akacheza, na mchezo akaurusha moja kwa moja mtandaoni, ili Gwamaka autazame kwenye simu aliyoegemezewa kwenye mto kitandani.

Mwanzoni picha ilikuwa hafifu, lakini ilifika. Kisha watu asiowajua wakaanza kuitazama, na mmoja wao akamwandikia kwamba picha iking'aa zaidi atapata watazamaji wengi. Neno hilo likamwingia. Akaongeza ukubwa wa picha mpaka mwisho wa mipangilio. Akaweka kamera ya kuonyesha uso wake pembeni, na taa, na fremu ya rangi ya dhahabu, na maandishi ya kumetameta. Kwenye skrini yake mwenyewe nyasi za uwanja zilionekana jani moja moja, na roho yake ikasuuzika. Ndivyo tulivyo sisi tunaotoa, ndugu zangu. Tunakipima tulichotoa kikiwa bado mikononi mwetu.

Kila mchezo ulipokwisha, mama yao alimshikia Gwamaka simu, naye akatuma ujumbe wa sauti: "Asante sana, kaka. Mungu akubariki." Hakukosa kuutuma. Na Ambakisye kila alipoisikia asante hiyo, aliongeza pambo jingine. Tumpe, mkewe, alimwambia kwamba kompyuta inahema, feni yake inanguruma kama mashine ya kusaga. Akamwambia pia kwamba watazamaji wanaingia na kutoka kama watu waliokosea nyumba. Ambakisye akatia pamba masikioni. Mtu anayeshukuriwa kila siku utamwambia nini akusikie?

Ikafika Pasaka, akasafiri kwenda kumwona ndugu yake. Tumpe akabaki Mbeya acheze yeye, maana naye alikuwa hodari wa mchezo ule, ili kwa mara ya kwanza ndugu wawili watazame pamoja. Ambakisye akaketi kando ya kitanda, amejaa kama bwana harusi, akingoja kuona mwenyewe furaha aliyoileta katika nyumba ile.

Simu ikafunguka. Mchezaji wa Tumpe akainua mguu apige mpira, na mguu ukabaki juu. Uwanja ukavunjika vipandevipande vya mraba. Kaduara kakatokea katikati ya kioo, kakazunguka, kakazunguka tu. Ambakisye akadhani simu imeharibika, akanyoosha mkono aizime. Ndipo sauti ya Tumpe ikatoka nyuma ya picha ile iliyoganda, ikikatikakatika: "Goli! Goli jamani!" Na Gwamaka, macho ameyafumba, akatabasamu na kusema taratibu, "Asante, shemeji." Ambakisye akamuuliza mambo haya yameanza lini.

"Picha haifiki siku nyingi, kaka. Nafumba macho nasikiliza sauti, nayo naishukuru, maana najua umenikumbuka."

Maneno hayo hayakuwa na lawama hata kidogo, na kwa sababu hiyo yalimchoma zaidi. Akatambua kwamba ni muda mrefu sasa ndugu yake hajabishana naye juu ya mchezo wowote, naye alidhani ni kuridhika. Kumbe aliyeuona mpira angebisha, na huyu hakuwa na kitu cha kubishia, akabaki kushukuru.

Akaelewa kwamba picha ile imekuwa nzito mno kupita mtandaoni, akampigia Tumpe palepale. Akamwambia azime kamera ya uso, aondoe fremu na maandishi, afunge programu zote zinazofanya kazi bila kazi. Achomeke waya wa intaneti, aachane na waifai. Kisha akamwambia apunguze ukubwa wa picha, na hapo ndipo alipoumia. Apunguze tena. Apunguze mpaka ifike nusu. Tumpe akalalamika kwamba sasa nyasi hazionekani, umebaki ukijani mtupu. Ambakisye akamwambia aziache nyasi. Wakati wote huo hakuondoa macho kwenye simu ya ndugu yake, simu ndogo, kuukuu, yenye ufa.

Mguu ukashuka. Mpira ukaondoka. Picha ilikuwa imefifia, namba za jezi husomi vizuri, lakini watu walikuwa wanakimbia. Gwamaka akafumbua macho. Akatazama kama asiyeamini, kisha akapaza sauti mpaka mama yao akatoka jikoni: "Shemeji! Huyo beki wako wa kushoto amelala! Mtoe!"

Tumpe aliisikia kupitia simu ya mumewe, akacheka, akamtoa beki. Na Ambakisye, ambaye alikuwa amepokea asante zisizo na idadi, hakuwahi kupokea chochote kilichomfurahisha kama karipio lile. Akainamisha uso kwenye ukingo wa blanketi akalia. Akamshukuru Mungu kwa ajili ya ndugu aliyelala mbele ya picha iliyokufa jioni baada ya jioni, asiombe izimwe. Akashukuru kwamba amekuja, ameketi pale, na ameona kabla ndugu yake hajachoka kumngoja. Waliocheza siku ile walikuwa watatu, na Gwamaka hakunyamaza mpaka kipyenga cha mwisho.

Basi wewe unayewapa watu wako vitu vizuri kila siku, nao kila siku wanakuambia asante: ni lini uliketi upande wao, ukaona kinachowafikia?