Mlango wa Bahari Uliouzwa Mara Tatu

"Wasiosemezana huuziwa bahari yao." Mmeisikia leo barazani, Bwana Hatibu alipowatupia nduguze wanaogombania kiwanja, na sasa mnaniuliza imetoka wapi, maana bahari haina dalali. Ilikuwa naye, wanangu, tena mtu mtaratibu mwenye kunukia udi. Sogeeni. Methali hii ilizaliwa hivi.

Zamani, wala si zamani za kale, visiwa vyetu vitatu vya Shumbi, Kiwambo na Mtangani vilikuwa kila kimoja na serikali yake, bendera yake na waziri wake wa mawasiliano, ingawa mtu akichinja mbuzi Shumbi, kunguru wa Kiwambo ndio waliotangulia kupata habari. Simu zilikuwa za kampuni moja tu, ya kutoka ng'ambo. Ukimpigia mtu wa kisiwa cha pili, sauti yako ilisafiri hadi mji wa mbali usiopata kuuona, ikazunguka huko, ndipo ikarudi Kiwambo, nawe ukatozwa kama uliyepiga Ulaya. Watu walikuwa wakipanda boti kwenda kumjulia hali mgonjwa kwa kuwa nauli ilikuwa nafuu kuliko salamu.

Aliyeumwa kichwa na jambo hili ni Bi Mwatime Faki, mkuu wa ofisi ya mawasiliano ya Shumbi. Ofisi yenyewe ilikuwa chumba kimoja juu ya posta, yeye na karani wake, na feni iliyozunguka ilipojisikia. Bi Mwatime alikuwa mwanamke mpole, lakini upole wake ulikuwa na mwisho, na kila kikao cha visiwa vitatu kiliusogeza mwisho huo karibu zaidi.

Maana vikao vilikuwapo. Serikali zote tatu zilikuwa zimekubaliana kuunda Bodi ya Pamoja, ili leseni za simu zitolewe na mkono mmoja na sheria iwe moja. Kisiwa kimoja kikikaa peke yake na kampuni kama ile, ni dagaa anayepatana bei na papa. Hilo kila mtu alilijua. Lakini kikao cha kwanza kiliishia katika kubishania kisiwa gani kitangulie kwenye jina la Bodi. Cha pili kikamezwa na makao makuu.

"Kiwambo ndiyo yenye uwanja wa ndege," alisema Mzee Vuai Makame, mjumbe wa Kiwambo, mtu mzima mwenye sauti ya kuadhinia.

"Uwanja upi, Mzee wangu? Ule wa kulishia ng'ombe?" akauliza Ame Shoka, kijana wa Mtangani ambaye hakujaliwa kunyamaza.

"Jamani," alisema Bi Mwatime, "tumekuja kuzungumza habari za simu."

"Tutazizungumza," akajibu Mzee Vuai, "lakini kwanza tujue tunazizungumzia wapi."

Katika kikao cha tatu, Mzee Vuai aliona kumbukumbu zimeitaja Kiwambo mwishoni. Alikunja miwani yake, akachukua mkoba, akaondoka bila kuaga. Tangu siku hiyo hapakuwa na kikao wala salamu. Bi Mwatime alirudi Shumbi akiapa kwamba afadhali kuchunga kuku kuliko kuchunga watu wazima.

Leseni ya kampuni ilikuwa inakaribia kwisha. Ndipo akaja mjumbe wake, Bwana Zakaria, yule wa udi. Alikuwa mtu wa kuulizia watoto kwa majina na kusifu chai hata ikiwa baridi. Aliweka mkataba mpya mezani pa Bi Mwatime. Kampuni ilitaka mlango wa bahari ulio kati ya visiwa uwe wake peke yake: asiruhusiwe mwingine kulaza waya chini ya maji yale wala kuvusha mawimbi ya simu juu yake, kwa muda wa kizazi kizima.

"Haiwezekani," alisema Bi Mwatime.

"Bi Mkubwa, mimi si mtu wa kulazimisha." Bwana Zakaria alishusha sauti kama anayetoa pole. "Ila wenzenu wa Kiwambo wameshatia saini. Mtangani vilevile. Shumbi ikibaki peke yake, mitambo mipya itabidi iende kwa waliokubali. Sipendi ninyi mbaki kizani."

Waziri wa Shumbi alipoelezwa, jasho lilimtoka. "Mwatime, unataka niwe waziri aliyezima simu za nchi? Jumatatu natia saini."

Bi Mwatime alitoka mle akiwaka. Alimkasirikia Bwana Zakaria kidogo tu, maana mfanyabiashara ni mfanyabiashara. Hasira kubwa aliielekeza kwa Mzee Vuai. Yaani mtu amepigania makao makuu mpaka mishipa ikamtoka, kumbe bahari ameshaiuza! Akampigia simu. Ilikatika. Akapiga tena, akasubiri sauti izunguke dunia, mwishowe akasikia, "Mna uso gani wa kunipigia, ninyi?" Ikakatika tena.

"Sisi ndio tuulizwe uso!" alifoka mbele ya karani wake. Jumamosi asubuhi akapanda boti ya abiria kwenda Kiwambo, na njia nzima alikuwa akipanga maneno, akichagua makali na kuacha butu.

Hakupata kuyatumia. Alipoteremka gatini alimkuta Mzee Vuai amesimama na mkoba wake, anangoja boti ileile impeleke Shumbi.

"Shikamoo," alisema Bi Mwatime, kwani adabu ni adabu hata siku ya vita.

"Marahaba. Umekuja kunionyesha kalamu mliyotilia saini?"

"Saini gani?"

"Usinifanye mtoto, Bi Mwatime. Bwana Zakaria ameniambia kwa kinywa chake. Shumbi mmekubali, Mtangani wamekubali, tumebaki sisi tu. Nilikuwa nakuja kukuuliza mbele ya waziri wako, mmetuuzaje bila hata kutuambia?"

Bi Mwatime alijikuta amekaa juu ya gunia la vitunguu la mtu asiyemjua. "Mzee Vuai. Mimi aliniambia ninyi ndio mliotangulia."

Abiria waliendelea kuteremka, wakiwapita huku na huku.

"Apa," alisema Mzee Vuai.

"Wallahi."

"Na hao Mtangani?"

"Twende tukawaulize. Maana tukisema tupige simu..."

"Usinitajie simu."

Boti ile ilikuwa ikipitia Mtangani kabla ya kurudi Shumbi, wakapanda wote wawili. Walimkuta Ame Shoka nyumbani kwake, anakula wali kwa pweza. Walipomweleza, aliacha kutafuna. Kisha akaosha mkono, taratibu, kama mtu aliyeletewa habari ya msiba.

"Sisi tumeshatia saini," alisema. "Juzi. Aliniambia mmetutangulia wote, mnatungoja."

"Ungetuuliza!" alinguruma Mzee Vuai.

"Ningekuulizaje? Uliondoka kikaoni na mkoba wako, hata salamu zangu hukuzipokea!"

"Na wewe uliyeuita uwanja wetu malisho ya ng'ombe?"

"Kwani si ni ya..."

"Basi!" Bi Mwatime alijipiga mapaja, na mke wa Ame akachungulia kutoka jikoni. "Basi, kwa jina la Mungu! Mwaka mzima mnashindana nani atangulie, nani amalizie, ofisi ikae wapi, na mtu mmoja amepita katikati yenu na bahari kwapani! Mmenichosha! Mmenichosha mpaka kwenye mifupa!"

Wote wawili walitazama chini. Hakuna aliyewahi kumsikia akipaza sauti.

Akavuta pumzi, akaendelea kwa utulivu. "Waya una ncha mbili. Wa kutoka Mtangani lazima utokeze pwani yangu au pwani ya Mzee. Sisi tukikataa, saini ya Ame imeuza maji ya kuogea. Lakini tukatae wote pamoja, tena mbele yake. Jumatatu tukutane Shumbi. Na mtu akitaja makao makuu ndani ya boti, nitamtosa."

Jumatatu Bwana Zakaria aliingia kwa waziri wa Shumbi, kalamu iko tayari mfukoni. Macho yake yalikuwa kwa waziri tu, tabasamu limeshakunjuliwa.

"Mheshimiwa, nimetoka Kiwambo sasa hivi. Wenzenu kila siku wananiuliza, Shumbi vipi?"

"Sijakuuliza," ilisema sauti ya kuadhinia kutoka nyuma yake.

Bwana Zakaria aligeuka. Mzee Vuai alikuwa kwenye kochi, kando yake Ame Shoka.

"Na mimi hakuna aliyekuwa akiningoja," alisema Ame.

Waziri aliwatazama wageni, akamtazama Bwana Zakaria, akausukuma mkataba urudi upande wa pili wa meza. "Ukiwa na neno," alisema, "lipeleke kwenye Bodi. Utawakuta wote watatu."

Bwana Zakaria hakubishana. Alikusanya karatasi zake akatoka, na Bi Mwatime akamsindikiza mpaka penye ngazi, akitamani amwone ana haya. Hakumwona nazo.

"Bi Mkubwa," alisema, akifunga mkoba wake, "mimi nimesema uongo, sikatai. Lakini sikuwatenganisha mimi. Niliwakuta hivyo."

Mzee Vuai, aliyekuwa amewafuata, alifungua kinywa amtukane. Bi Mwatime alimzuia kwa mkono. Neno lile lilikuwa limemchoma kuliko uongo wote wa mtu yule, kwa sababu halikuwa uongo.

"Ni kweli," alisema. "Wasiosemezana huuziwa bahari yao."

Karani wa Bi Mwatime alikuwa akipanda ngazi na sinia ya chai. Aliyasikia maneno hayo, akashuka nayo hadi posta, na kabla ya jioni yalikuwa sokoni.

Bodi ilisimama, baada ya ugomvi mwingine ambao sitawachosha nao. Kampuni ikalazimika kuomba leseni moja kwa Bodi moja, zikaja na kampuni nyingine mbili kushindana nayo, na sauti ikaanza kuvuka mlango ule moja kwa moja bila kuzurura duniani. Lakini saini ni saini. Mtangani walihangaika karibu mwaka mzima kwa mawakili na mahakama za ng'ambo kujitoa katika mkataba ule, na muda wote huo wao walibaki na simu za zamani, huku wakiwasikia jirani zao wakicheka na kuzungumza hadi usingizi uwachukue. Hata leo, ukimuuliza mtu mzima wa Mtangani mkataba ule uliwagharimu nini, hatakutajia fedha. Atatazama upande wa Shumbi, kisha upande wa Kiwambo, halafu atakuambia:

"Wasiosemezana huuziwa bahari yao."